Mgombea Mpimeni na Nafsi Yake Kwanza: Hotuba kwa Wapiga Kura Wapya, Likoni

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Wazee wangu mliokaa mbele, kina mama, na nyinyi vijana mlioniita: shukrani. Barua yenu ilisema nije niwaeleze namna ya kulinganisha misimamo ya wagombea urais wa Kenya kabla ya uchaguzi wa Agosti 10, 2027. Nimesomesha Historia na Serikali katika shule za sekondari miaka thelathini na moja, na ningeweza kuwapa somo la darasani. Lakini leo nimekuja na daftari.

Hili hapa. Nililinunua Juni 2022, Tume ya Uchaguzi ilipokwisha kuidhinisha wagombea wanne. Kila ukurasa nikaupa jambo moja: bandari, hospitali, unga, karo, deni la taifa, ardhi. Kisha nikachukua rula nikachora safu nne: William Ruto, Raila Odinga, George Wajackoyah na David Mwaure. Kila usiku baada ya taarifa ya habari nikawa naandika nani kasema nini.

Kufikia Julai kurasa zimejaa na mimi sijui lolote. Nawaambia kweli. Huyu ajira, yule ajira. Huyu matibabu kwa wote, yule matibabu kwa wote. Ahadi mbili ukizilaza pamoja zote hupendeza, kwa sababu ahadi haijawahi kukutana na kitu cha kuipinga.

Usiku mmoja nikaligeuza daftari. Badala ya kumlinganisha mgombea na mgombea, nikachora mistari ya miaka chini ya jina la mtu mmoja. Alisema nini juu ya jambo hili mwaka 2010? Alifanya nini 2013 alipokuwa na cheo? Alipiga kura gani Bungeni? Leo anasema nini? Hapo ndipo daftari lilipoanza kuzungumza nami, na hilo ndilo nililokuja kuwaambia: kabla hamjampima mgombea na mwenzake, mpimeni na nafsi yake.

Mtasema, Mwalimu, si tuna midahalo? Tusikilize mdahalo tuamue. Ingekuwa vyema. Februari 2013 tulipata mdahalo wa kwanza wa urais katika historia yetu, wagombea wanane jukwaa moja. Nilikesha nikiangalia kwa furaha. Basi angalieni yaliyofuata. Julai 24, 2017 Rais Uhuru Kenyatta hakuja, Odinga akasimama peke yake. Julai 26, 2022 Odinga hakuja, Ruto akasimama peke yake. Chaguzi mbili mfululizo, na mara zote mbili wale wawili waliokuwa na nafasi ya kushinda hatukuwaona wakijibizana ana kwa ana. Wagombea wenza, Martha Karua na Rigathi Gachagua, walikuja wote wawili wiki moja kabla, na nawapa heshima yao kwa hilo. Lakini urais wenyewe tuliuchagua bila kuwasikia pamoja. Kwa hivyo kazi ya kulinganisha tusiiachie televisheni.

Nianze na ukurasa wa bandari, maana huo ndio ulioniliza.

Reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa mwishoni mwa Mei 2017. Ilijengwa kwa gharama ya shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka benki ya serikali ya China. Mkopo unataka kulipwa, reli inataka mzigo ili ilipe, na Mamlaka ya Bandari ilikuwa imejifunga kwa mkataba kuhakikisha mzigo huo unapatikana. Mwaka 2019 likatoka agizo: makontena ya kwenda Nairobi na bara yapande reli. Nyinyi wengine mlikuwa wadogo, lakini mama zenu wanakumbuka. Mtoto wa dada yangu alikuwa utingo wa lori. Dereva wake alikaa nyumbani, naye akakaa nyumbani. Mama wa chapati pale yalipokuwa yakiegeshwa malori akafunga jiko. Karakana, maduka ya vipuri, maghala ya makontena, mawakala wa forodha, kote kukapoa. Watu waliandamana mjini. Mimi nilikuwa mmoja wao, na miguu yangu hii mibovu.

Ikaja 2022. Ruto akasema, bandari, yaani shughuli za kutoa mizigo, itarudi Mombasa. Odinga naye akasema itarudi. Katika daftari langu la mwanzo, lile la safu za wagombea, wameandikwa sawa kabisa! Ungefanya nini na hapo? Uchague kwa rangi ya fulana?

Lakini chora mistari ya miaka. Ruto alikuwa Naibu wa Rais tangu 2013. Reli ilijengwa na agizo lilitoka serikali ikiwa yake. Odinga alikuwa mpinzani, lakini tangu handisheki ya Machi 9, 2018, alipopatana na Rais Kenyatta, alikuwa karibu na Ikulu kuliko naibu mwenyewe, na agizo lilitoka baada ya hapo. Basi wote wawili walidaiwa jawabu moja: lilipotoka agizo ulisema nini, na ulimwambia nani? Sikumsikia mtu wa Pwani akiwauliza hadharani. Tulipiga makofi.

Sasa haki ni haki, na daftari likisema jema niliseme. Siku ya kuapishwa, Septemba 13, 2022, Rais Ruto alitangaza pale Kasarani kwamba atatoa agizo mchana uleule shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Mwenye mzigo akapata kuchagua. Ahadi hiyo ilitimizwa siku ya kwanza, na ninataka mjue kwa nini iliwezekana haraka hivyo: jambo lililoletwa kwa agizo huondolewa kwa agizo. Halihitaji Bunge, halihitaji bajeti. Mkopo wa reli, hata hivyo, haukuondoka na agizo. Bado unalipwa, na ushuru wa reli juu ya bidhaa zinazoingia nchini tumekuwa tukiutoa tangu 2013.

Kwa hiyo katika kila ukurasa niliongeza safu mbili nyembamba pembeni. Moja nikaiandika "mamlaka": jambo hili rais anaweza kulifanya kwa kalamu yake, au mpaka Bunge, au si lake kabisa ni la gavana? Ya pili nikaiandika "mfuko": hizo pesa zinatoka kwa nani? Mfuko upo daima. Mgombea asipoutaja, jueni ni wenu.

Chukueni mfano wa gharama ya maisha. Odinga aliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia milioni mbili maskini zaidi. Ruto aliahidi mfuko wa mikopo nafuu wa shilingi bilioni 50 kila mwaka kwa mahasla, wale wa mkokoteni, wa mboga, wa bodaboda. Watu wakabishana barazani usiku kucha, wengine kwa matusi, na sikumwona hata mmoja aliyechukua kalamu. Tuichukue sisi. Elfu sita mara familia milioni mbili ni bilioni 12 kwa mwezi. Mara miezi kumi na miwili, bilioni 144 kwa mwaka. Bajeti yote ya taifa mwaka ule wa fedha ilikuwa kama trilioni 3.3. Kwa hiyo tulikuwa tunaulizwa: katika kila shilingi mia za serikali, tutoe zaidi ya nne ziende moja kwa moja kwa maskini? Hilo ni swali zuri. Mtu mwenye huruma anaweza kulijibu ndiyo, na mtu mwenye huruma vilevile akalijibu la, akasema afadhali hizo nne zijenge kiwanda. Lakini huwezi kulijibu kama hujajua kwamba unaulizwa.

Na ule wa bilioni 50 ulikuwa kitu cha aina nyingine: mkopo, unatarajiwa kurudi. Kulinganisha 144 na 50 kama kwamba ni pesa za namna moja ni kosa. Mfuko wenyewe ulizinduliwa Novemba 30, 2022. Mkopo wa simu, kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, kulipa ndani ya siku kumi na nne. Riba ile ilikuwa nafuu kweli. Ukikopa mia tano kwa siku kumi na nne riba yake ni kama shilingi moja na nusu. Hakuna shailoki, mkopeshaji wa riba kali, anayekukopesha hivyo. Lakini muulizeni anayeuza samaki pale Likoni Feri afanye nini na mia tano ya wiki mbili. Samaki wa mia tano wanaisha kabla jua halijatua. Kampeni ilizungumza mtaji wa biashara, na mtaji hutaka muda na ukubwa. Safu yangu ya 2022 inasema "mtaji", safu ya 2023 inasema "mkopo wa siku kumi na nne", na wewe unayepiga kura unaweza kuuliza kwa adabu vipi maneno hayo mawili yanakutana.

Unga na mafuta. Hapa nina jambo la kutulaumu sisi wenyewe. Ruto alikuwa amesema waziwazi kwamba serikali yake itatoa ruzuku kwa mkulima na haitatoa kwa mlaji. Alisema mbolea, akimaanisha mbolea. Sisi tukasikia "unga utashuka bei." Alipoingia, mbolea ikashushwa hadi shilingi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50, kutoka karibu 6,500. Ruzuku ya unga ikaondoka. Ya petroli ikaondoka, na kesho yake baada ya kuapishwa bei ya petroli Nairobi ikaruka kutoka 159 hadi 179. Watu wakalia, tumedanganywa. Kwa jambo hilo moja, la, hatukudanganywa. Tulisikia nusu ya sentensi, ile nusu tuliyoitaka. Mbolea ya Septemba haiwi unga mpaka mvua inyeshe, mahindi yakomae, yasagwe. Ukisikiliza msimamo wa mgombea, sikiliza pia kalenda yake.

Yaliyofuata ni habari nyingine, na daftari halimpendelei mtu. Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani (VAT) juu ya mafuta ikapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Ukaja ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri atoe kama huo. Nyumba zilikuwemo katika manifesto, 250,000 kwa mwaka. Idadi ya nyumba ilitangazwa kila jukwaa. Nani atakatwa, na kiasi gani, halikutangazwa kwa sauti ileile. Ndiyo maana nasisitiza ile safu ya mfuko. Mahakama Kuu ikasema Novemba 2023 kwamba ushuru ule ulivyowekwa unakiuka Katiba. Bunge likatunga sheria nyingine, ikatiwa saini Machi 2024. Na mnajua wenyewe, pengine kuliko mimi, kilichotokea Juni 25, 2024 katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha na kodi zake. Vijana wa rika lenu walikufa. Nina wanafunzi wangu waliokuwa barabarani siku ile. Siwezi kulisema hili kwa utulivu na sitajaribu.

Nipite upesi kwenye karo. Odinga alisema elimu ya bure kutoka chekechea hadi chuo kikuu. Ruto alisema atamaliza upungufu wa walimu 116,000 kwa miaka miwili. Mimi mwalimu, lazima niseme hili: rais haajiri walimu. Tume ya Kuajiri Walimu ndiyo inayoajiri, ni tume huru kikatiba, na inaajiri kwa kadiri Bunge linavyoitengea pesa. Chekechea nazo ni za kaunti. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa anaahidi kitu ambacho nusu yake kimo mikononi mwa mtu mwingine. Haimaanishi wasiahidi. Inamaanisha waulizwe, na wabunge watakaopitisha hizo pesa unao?

Afya inataka muda zaidi kidogo, kwa sababu hapa watu wamechanganyikiwa sana na wana haki ya kuchanganyikiwa. Hospitali yenu ya kaunti, zahanati yenu, dawa zilizoko au zisizoko, hayo yote ni ya gavana tangu ugatuzi ulipoanza 2013. Serikali ya taifa imebaki na sera na hospitali kuu za rufaa. Lakini bima ni ya taifa. Mgombea urais akikuahidi zahanati, amekuahidi mali ya mwingine. Akikuahidi bima, hapo kaa umsikilize vizuri.

Odinga aliuita mpango wake Babacare. Ruto alisema bima ya taifa iwe ya lazima kwa kila mtu, na huduma za msingi zigharimiwe na serikali. Sasa tazameni bima ilivyokuja. Zamani mwenye mshahara wa 100,000 alilipa 1,700 kwa mwezi, na mwenye 500,000 alilipa 1,700 hiyohiyo. Hiyo haikuwa haki, nami niliipinga miaka yote. Tangu Oktoba 2024 ni asilimia 2.75 ya mshahara: wa laki moja 2,750, wa laki tano 13,750. Asiye na mshahara, ambaye alikuwa akilipa 500, hupimwa uwezo wake na hawezi kulipa chini ya 300. Katika karatasi, mwenye nacho anambeba asiye nacho zaidi kuliko zamani. Mimi naunga mkono wazo hilo, mnielewe. Lakini mchuuzi wa Mtongwe anapimwa uwezo kwa maswali ya nyumba yake na mali yake, na anatakiwa alipe ya mwaka mzima. Pesa ya mchuuzi haiji kwa mwaka, huja kwa siku. Mwaka 2027 mgombea yeyote atakayesema "afya kwa wote", muulizeni neno moja tu: mtu asiye na payslip atalipaje?

Kuna ukurasa wa Katiba, na huu nauonea fahari maana ulinifunza kutokuwa mwepesi wa kuhukumu. Mwaka 2005 Ruto na Odinga walikuwa pamoja upande wa chungwa, alama ya La katika kura ya maoni, wakaiangusha rasimu ya Katiba. Agosti 4, 2010 Odinga na Rais Kibaki waliongoza Ndiyo, Ruto akaongoza La, Katiba ikapita kwa kama asilimia 67. Miaka kumi baadaye Odinga alikuwa anataka kuibadilisha kupitia BBI, mpango wake na Rais Kenyatta wa kurekebisha Katiba, na Ruto amesimama kuitetea, mpaka Mahakama ya Juu ilipouzima mchakato ule Machi 31, 2022. Wamebadilishana viti kabisa. Mwanafunzi wangu mmoja aliona ukurasa huu akaandika kwa penseli pembeni: vigeugeu. Nilimfuta. Mtu anaruhusiwa kubadilika. Mimi mwenyewe sifikiri kama nilivyokuwa nikifikiri mwaka 2010. Swali la haki ni hili: amekueleza kilichombadilisha? Aliyebadilika kwa sababu aliona jambo likifanya kazi, huyo amejifunza. Aliyebadilika kwa sababu jambo limekuwa na kura, atabadilika tena.

Profesa Wajackoyah nimpe haki yake. Deni la taifa lilikuwa limefika shilingi trilioni 8.6 katikati ya 2022. Odinga alisema atazungumza na wakopeshaji muda urefushwe. Ruto alisema tupunguze kukopa. Wajackoyah akasema tulime bangi tuuze nje tulipe. Watu walicheka, na mimi nikamwandika kama wengine, kwa sababu safu ya mfuko aliijaza, jambo ambalo wenzake mara nyingi hawakulifanya. Ila hesabu ya ekari ngapi, mnunuzi nani, kwa bei gani, hakutupa, na sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ingetaka Bunge liifungue. Alipata kura 61,969. Deni nalo, kufikia Juni 2024, lilikuwa limepita trilioni 10.

Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930. Karibu nusu kwa nusu. Majirani hapa Likoni waliacha kusalimiana. Nina shoga yangu wa miaka ishirini tuliyenyimana futari Ramadhani iliyofuata, yeye na mimi, kwa ajili ya watu wawili wasiotujua. Kisha Machi 7, 2025 wale watu wawili wakakaa Nairobi wakatia saini makubaliano ya kushirikiana. Oktoba mwaka uleule Odinga akafariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu, na aliyekuwa mpinzani wake ndiye aliyeongoza taifa kumzika. Nilimpigia simu shoga yangu siku ile. Tulilia wote wawili, na sidhani tulikuwa tukimlilia mzee peke yake.

Bandari iko palepale. Hospitali iko palepale. Wanaogombania wanahama, wanaungana, wanakufa.

Nimeleta madaftari arobaini. Yapo kwenye boksi pale mlangoni, pamoja na rula. Mjigawe watano watano, kila kundi lichukue jambo moja na mgombea mmoja ambaye tayari ameonyesha nia. Juu ya ukurasa andikeni miaka, si majina. Rekodi za Bunge, yaani Hansard, ziko kwenye intaneti bure. Ukiandika jina la mtu utaona alichosema na siku aliyokisema. Manifesto za 2013, 2017 na 2022 ninazo nyumbani, mwenye kuzitaka aje baada ya laasiri, nyumba yangu mnaijua. Kundi la bandari nitakaa nalo mwenyewe. Tutaanza na swali ambalo hatukuliuliza 2022, na safari hii tutaliandika kabla msafara haujavuka feri: lilipotoka lile agizo la 2019, wewe ulikuwa wapi na ulisema nini?